Jinsi ya kuandaa mkutano wa teknolojia kando ya mikutano mikuu ya vyama Uingereza: mwongozo kamili

Kila mwaka, kati ya Septemba na mapema Oktoba, Bunge la Uingereza huenda mapumzikoni ili vyama vifanye mikutano yao mikuu. Kwenye ukumbi mkubwa kuna hotuba za viongozi na kamera za televisheni. Pembeni, kwenye vyumba vya hoteli, kumbi ndogo na hata baa, kuna mamia ya mikutano ya kando: ya mashirika ya hisani, vyama vya wafanyakazi, taasisi za utafiti, mabenki, na siku hizi kampuni za teknolojia kwa wingi. Yupo techUK, shirikisho la sekta lenye kampuni wanachama zaidi ya 1,000. Wapo wa simu, wa mitandao ya kijamii, wa vituo vya data, na wanaouza mifumo ya hospitali.

Mwongozo huu ni wa kampuni ndogo, asasi au kikundi cha watafiti kinachotaka kuandaa mkutano mmoja na kuufanya vizuri, bila idara nzima ya mahusiano na serikali. Nimeona pesa nyingi zikiteketea kwenye mikutano hii kwa sababu moja: waandaaji humkimbiza waziri na kumsahau diwani. Waziri atakaa dakika 20 na kuondoka. Diwani atakaa hadi mwisho, na Jumatatu inayofuata atarudi kwenye kamati inayoamua kama kituo chenu cha data kitajengwa, mnara wenu wa simu utasimikwa, au programu yenu itanunuliwa. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya 1: Tafuta swali kabla ya kutafuta ukumbi

Ukifungua ratiba ya mkutano mkuu wowote wa miaka ya karibuni, utakutana na vichwa vya habari vya aina ya "Akili mnemba na mustakabali wa Uingereza". Kichwa kama hicho hakimlazimu mtu kusema lolote. Wanajopo wanne watakubaliana kwamba kuna fursa na kuna hatari, watu watakula sandwichi, na saa imekwisha.

Swali zuri lina mtu wa kulijibu. Linganisha na hili: "Kituo cha data kikijengwa kijijini kwetu, nani analipia njia mpya ya umeme, na wakazi wanapata nini?" Hapo diwani ana la kusema, mbunge wa jimbo ana la kusema, kampuni ya umeme ina la kusema, na wewe unayejenga huna pa kujificha. Na si swali la kubuni. Septemba 2024 serikali iliviweka vituo vya data kwenye orodha ya miundombinu muhimu ya taifa. Januari 2025 ukatoka mpango wa fursa za akili mnemba, ulioandaliwa na Matt Clifford, wenye mapendekezo 50, likiwemo la kutenga maeneo maalum ya kujenga vituo hivyo. Wakati huohuo, Abbots Langley kule Hertfordshire, halmashauri ya Three Rivers ilikuwa imekataa ombi la kujenga kituo cha data, rufaa ikafika mezani kwa waziri, na mwaka 2025 ikaidhinishwa. Watu wa kijiji hicho wanajua swali hili lina uzito gani.

Maeneo mengine yenye maswali ya kweli: utekelezaji wa Sheria ya Usalama Mtandaoni ya 2023, ambayo mdhibiti wake ni Ofcom, Sheria ya Masoko ya Kidijitali, Ushindani na Watumiaji ya 2024, Sheria ya Matumizi na Upatikanaji wa Data ya 2025. Chukua kifungu kimoja tu, kile kinachokugusa, ukigeuze kuwa swali ambalo mama mwenye duka jimboni ataelewa.

Lipime hivi: je, kuna mtu atakayekuwa chumbani anayeweza kufanya jambo kuhusu hili kabla ya mwaka kwisha? Kama hakuna, ama swali ni pana mno au unakwenda kwa watu wasiohusika.

Hatua ya 2: Chagua chama, na uelewe watu wake

Vyama havifanani, na mikutano yao haifanani pia. Kosa la kawaida ni kubeba mkutano uleule, wanajopo walewale na maneno yaleyale, na kuuzungusha miji mitatu.

Labour wamekuwa wakikutana Liverpool tangu 2022, kwenye jengo la ACC pale King's Dock. Ni chama tawala tangu Julai 2024, kwa hiyo kila mtu anataka kuwa pale na vyumba huisha mapema. Wajumbe wake wanatoka matawi ya majimbo na vyama vya wafanyakazi, na hapa ndipo wageni wa sekta ya teknolojia hujikwaa. Ukizungumzia mashine kufanya kazi za ofisini bila kuwa na mtu wa chama cha wafanyakazi kama Prospect, Unite au CWU kwenye jopo, swali la kwanza kutoka sakafuni litakuwa "wafanyakazi wako wapi?" Mwalike huyo mtu mwenyewe, mapema, na mpe muda sawa na wengine. Mjadala utakuwa mkali zaidi na wa maana zaidi.

Conservative hupishana kati ya Manchester na Birmingham: Manchester mwaka 2023 na 2025, Birmingham 2022 na 2024. Wanachama wao hawapitishi sera kwa kura pale, kwa hiyo uzito wa mkutano uko kwenye mazungumzo na wasemaji wa upinzani, wabunge na madiwani. Usiwadharau kwa kuwa wako upinzani. Kamati za Bunge zina wabunge wao, na Baraza la Mabwana lina wajumbe wao wengi wanaofuatilia sheria za data kifungu kwa kifungu.

Liberal Democrats ndio ninaowapendekeza kwa anayeanza. Wana wabunge 72 tangu uchaguzi wa 2024, na mkutano wao hufanyika mara nyingi kwenye miji ya pwani: Brighton 2024, Bournemouth 2025. Wanachama wao hupiga kura kweli kuhusu sera, kwa hiyo aliyekaa mstari wa nyuma na kikombe cha chai anaweza kuwa ndiye anayeandika hoja ya mwaka ujao. Madiwani ni wengi, na hiyo Three Rivers niliyoitaja imekuwa ikiongozwa na chama hiki.

Reform UK wamekutania ukumbi wa NEC, Birmingham, mwezi Septemba. Baada ya uchaguzi wa Mei 2025 walitwaa uongozi wa halmashauri 10, nazo zinanunua mifumo ya kompyuta kama halmashauri nyingine yoyote. SNP, chama kinachotaka uhuru wa Scotland, hukutana Scotland, na huko sheria ya ushawishi ni tofauti, nitaifikia.

Asasi ya hisani inaruhusiwa kushiriki mikutano hii, ila mwongozo wa Tume ya Asasi za Hisani unaojulikana kama CC9 unakataza kuunga mkono chama. Njia salama ni kwenda zaidi ya chama kimoja na kuuliza swali lilelile kila mahali, kwa watu tofauti.

Hatua ya 3: Kalenda

Januari hadi Machi: jiunge na orodha za barua pepe za idara za mikutano za vyama ili upate fomu zinapofunguliwa. Aprili na Mei: chagua swali, pata kibali cha bajeti, omba chumba. Juni: mialiko ya wazungumzaji wakuu. Julai, kabla wabunge hawajaenda likizo ya kiangazi: thibitisha jopo na utume maelezo ya kuchapishwa kwenye kitabu cha ratiba na programu ya simu ya mkutano. Agosti watu hawajibu barua. Itumie kuandika dondoo na kushughulikia vibali. Septemba: simu na marekebisho.

Tarehe ya kuomba kibali cha kuingia ndiyo isiyosamehe. Kwa Labour na Conservative, eneo la mkutano huzungushiwa uzio na polisi hukagua taarifa za kila anayeomba kuingia. Ulinzi huo una historia: tarehe 12 Oktoba 1984, wakati wa mkutano wa Conservative, bomu la IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, lililipuka Grand Hotel mjini Brighton na kuua watu 5. Ukichelewa kuomba utalipa zaidi, au utabaki nje. Na kibali ni cha mtu, si cha kampuni. Mwanajopo wako anayetoka chuo kikuu, mpiga picha, hata kijana atakayesimama mlangoni na orodha, kila mmoja anahitaji chake. Mwulize kila mzungumzaji kwa maandishi: "Umeshaomba kibali?" Usikubali jibu la "nitashughulikia". Omba picha ya barua pepe ya uthibitisho.

Hatua ya 4: Sheria na fedha, kabla hujasaini chochote

Hapa nenda polepole, maana ndipo kampuni za teknolojia, hasa zenye makao makuu nje ya Uingereza, hujiingiza matatani bila nia mbaya.

Kuna tofauti kubwa kati ya kuandaa mkutano wako mwenyewe na kudhamini mkutano wa chama. Ukikodi chumba, ukachapisha jina lako na kuendesha mjadala wako, hiyo ni gharama yako ya kawaida ya shughuli. Ukilipia mkutano, karamu au hafla iliyoandaliwa na chama chenyewe au kikundi cha wanachama wake, sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 2000 inauhesabu udhamini huo kuwa mchango wa kisiasa. Mchango unaozidi pauni 500 lazima utoke kwa mtoaji anayeruhusiwa: kampuni, kwa mfano, iwe imesajiliwa Uingereza na inafanya biashara humo. Tangu Januari 2024, mchango unaozidi pauni 11,180 kwa makao makuu ya chama hutangazwa hadharani na Tume ya Uchaguzi. Banda la maonyesho lina msamaha wake: kodi ya banda kwenye mkutano mkuu haihesabiki kuwa mchango ilimradi haivuki kiwango cha juu kinachowekwa na Tume.

Upande wa kampuni, Sheria ya Kampuni ya 2006 inataka wanahisa waidhinishe kwanza michango ya kisiasa inayozidi pauni 5,000 ndani ya miezi 12. Mkurugenzi wa mauzo akisaini udhamini wa pauni 8,000 kwa barua pepe ya usiku, tatizo linaangukia wakurugenzi wote. Ipeleke karatasi kwa mwanasheria wa kampuni mwezi Aprili, si Septemba.

Ukimwajiri mshauri wa nje akuunganishe na mawaziri, hakikisha yumo kwenye rejista ya washawishi wa kulipwa iliyoanzishwa na sheria ya 2014. Wafanyakazi wako mwenyewe hawahitaji kujisajili humo. Scotland ni tofauti: sheria yake ya 2016, iliyoanza kufanya kazi Machi 2018, inahusu hata wafanyakazi wa ndani wanaoongea ana kwa ana na wabunge wa Bunge la Scotland, isipokuwa mashirika yenye wafanyakazi chini ya 10. Ukienda kwa SNP, andika nani aliongea na nani kuhusu nini, siku hiyohiyo.

Chakula nacho kina sheria. Mbunge hutakiwa kuandikisha ukarimu unaozidi pauni 300 ndani ya siku 28. Halmashauri nyingi zimefuata kanuni ya mfano inayomtaka diwani ataje zawadi au ukarimu wa kuanzia pauni 50, na chakula cha jioni chenye mvinyo mjini Manchester hufika hapo upesi. Kwa hiyo siku inayofuata mtumie kila mgeni wa chakula ujumbe mfupi wenye thamani ya kilichotolewa kwa kila mtu. Huo ni uungwana, na wanaufurahia, kwa sababu unawaondolea kazi ya kukisia. Sheria ya Rushwa ya 2010 haikatazi chai na sandwichi. Inakataza kumnunua mtu, na mwenye nia safi hana shida kuweka hesabu zake mezani.

Kuhusu bajeti yenyewe, tenga mafungu haya na ujaze bei ulizopewa kwa maandishi: chumba, vipaza sauti na fundi wake, chakula, vibali, nafasi kwenye kitabu cha ratiba, treni, malazi, na VAT ya asilimia 20 ambayo bei nyingi za ukumbi hazikuijumuisha. Malazi yatakushtua, kwani hoteli za mji mzima hupandisha bei wiki hiyo. Weka nafasi zenye kufutika bila hasara mara tu tarehe zinapotangazwa.

Kama fedha ni chache, ungana na taasisi ya utafiti. IPPR, Fabian Society, Policy Exchange na Social Market Foundation zote huwa na ratiba za mikutano ya kando na hupokea washirika. Fabian Society imefungamana rasmi na Labour, kwa hiyo waulize mapema malipo yako yanahesabiwa vipi. Katika makubaliano yoyote ya namna hii, wao ndio wachague mwongoza mjadala. Mjadala unaoongozwa na aliyelipia hupoteza imani ya wasikilizaji dakika ya tano.

Hatua ya 5: Mahali, saa na umbo

Ndani ya uzio au nje? Ndani, watu wanapita mlangoni kwako: Midland Hotel kule Manchester, Hyatt Regency iliyo jirani na ukumbi wa mikutano wa ICC kule Birmingham, Pullman kule Liverpool. Ni ghali, na asiye na kibali haingii. Nje ni nafuu, wenyeji wanaweza kuja, lakini waziri atalazimika kutoka na kupangiwa usafiri, na wengi hawatatoka. Mkutano wa madiwani na wakazi unafaa nje, mwendo wa dakika 10 hivi kutoka mlango wa ukaguzi.

Saa ni muhimu kuliko ukumbi. Saa 2 asubuhi ni nzuri kwa kikundi kidogo cha watu makini. Wengine wote wamelala saa 8 usiku. Saa 6 na nusu mchana inajaza chumba kwa sababu ya chakula. Saa 12 jioni unashindana na hafla nyingine 30. Angalia hotuba ya kiongozi iko lini: Labour mara nyingi ni Jumanne, Conservative ni Jumatano, siku ya mwisho, na ikishaisha watu wanakimbilia stesheni. Epuka kabisa kupanga chochote wakati huo au baada yake. Jumatatu kwa kawaida ndiyo siku ya wafanyabiashara, wakuu wa kampuni wako mjini kwa tiketi maalum, na mawaziri wamefungwa kwenye ratiba hiyo.

Kwa umbo, una chaguo la jopo la wazi, hafla ya vinywaji, au mazungumzo ya meza moja ya watu 15 hadi 20. Ninapendelea meza moja kuliko vyote. Iendeshe kwa Kanuni ya Chatham House, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1927: yaliyosemwa yanaweza kutumika, lakini hutaji nani alisema wala anatoka wapi. Diwani atakuambia ukweli kuhusu mfumo uliomwangusha hospitalini kwao. Kwenye jopo la wazi hatakuambia. Ukichagua jopo, watu wanne ni wengi. Watatu na mwongoza mjadala wanatosha, na nusu ya saa nzima iwe ya maswali.

Hatua ya 6: Wazungumzaji na mwaliko

Waziri huja kwenye mkutano mkuu kama mwanachama wa chama chake. Watumishi wa umma wa wizara hawaandamani naye kwenye shughuli hizi, kwa hiyo usitegemee afisa wa wizara kukupangia mambo siku hiyo. Atakayekuwa na ratiba mkononi ni mshauri wake maalum au msaidizi wa ofisi yake ya Bunge. Tuma mwaliko kwa ofisi ya Bunge, na nakala kwa mshauri.

Mwaliko uwe mfupi, mtu ausome kwenye simu akiwa anatembea:

"Mheshimiwa, Jumatatu saa 2 hadi saa 3 asubuhi, ndani ya eneo la ulinzi, tutakuwa na mazungumzo ya meza moja na madiwani 12 ambao halmashauri zao zimepokea maombi ya vituo vya data. Swali ni moja: wakazi wapate nini? Tunaomba dakika 25 zako: 5 za kufungua, 20 za kusikiliza. Hakuna wanahabari. Dondoo ya ukurasa mmoja itakufikia Ijumaa. Ikiwa hutaweza, tutashukuru ukimpendekeza mwenzako wa kamati."

Sentensi ya mwisho imenisaidia zaidi ya zote. Ofisi ikikataa, mara nyingi itataja jina, na mbunge wa kamati aliyependekezwa na ofisi ya waziri huja akiwa amejiandaa.

Usijenge mkutano mzima juu ya mtu mmoja. Tarehe 5 Septemba 2025, wiki tatu tu kabla ya mkutano wa Labour, Peter Kyle alihamishwa kutoka Wizara ya Sayansi, Ubunifu na Teknolojia na Liz Kendall akachukua nafasi yake. Kila mwandaaji aliyekuwa amechapisha jina la Kyle kama waziri wa teknolojia alilazimika kuanza upya. Kwenye ratiba andika "waziri, atathibitishwa" hadi dakika ya mwisho, na mwanajopo wa pili awe anaweza kubeba mkutano peke yake.

Na madiwani? Waandikie wao kwanza, Juni, kabla ya waziri. Majina yao na kamati zao ziko kwenye tovuti za halmashauri. Mwambie kwa nini yeye: "Kamati yako ilijadili ombi hili mwezi Machi." Diwani hulipwa posho ndogo na wengi wana kazi nyingine, kwa hiyo mwulize kama tayari atakuwepo mkutanoni kwa siku zipi, kisha upange saa yako kumfuata yeye. Madiwani 6 waliothibitisha ndio watakaomvuta mbunge, na mbunge atamvuta waziri. Kinyume chake hakifanyi kazi.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika saa nzima kabla. Vyumba vingi vya hoteli vimegawanywa kwa kuta za kukunja, na jirani yako anaweza kuwa na muziki, basi simama nyuma kabisa na umwombe mwenzako aseme kwa maikrofoni. Usitegemee waifai, kwa sababu maelfu ya watu wako kwenye mtandao uleule. Kama lazima uonyeshe programu yako, iwe kwenye kompyuta bila kuhitaji intaneti. Bora zaidi, usionyeshe kabisa. Watu hawakuja kuona bidhaa.

Chukua mfano wa mazungumzo ya meza moja ya saa 2 asubuhi. Saa 2 kasorobo chai iko tayari na kadi za majina zimepangwa: waziri hakai kichwani mwa meza, anakaa katikati ya ubavu, kati ya diwani wa chama chake na mkazi au mfanyakazi. Mwakilishi wa kampuni yako anakaa pembeni, karibu na mlango. Saa 2 na dakika 4 simu inatetema, ni mshauri: "Amechelewa, tuna dakika 15 tu." Mwongoza mjadala aliyejiandaa haanzi kulalamika. Anafuta hotuba ya kufungua, waziri akiingia anaambiwa: "Karibu. Diwani hapa alikuwa anaeleza kilichotokea kwenye kamati yao Machi. Endelea, diwani." Waziri anakaa, anasikiliza dakika 8, anajibu 5, anaondoka na karatasi moja yenye ombi moja. Hajatoa hotuba, na hiyo ndiyo faida yako. Hotuba yake ungeisoma magazetini.

Akishaondoka, usiache watu watawanyike. Mwongoza mjadala azungushe swali moja mezani: "Ni jambo gani halmashauri yako ingelitaka kwenye karatasi kabla ya kukubali?" Andika kila jibu. Majibu hayo ndiyo mavuno ya mkutano.

Mipango ya dharura isiwe maneno tu. Mwaka 2022 Malkia Elizabeth alifariki tarehe 8 Septemba na Liberal Democrats wakafuta mkutano wao wa Brighton siku chache kabla ya kuanza. Mwaka 2023 madereva wa treni wa chama cha ASLEF waligoma tarehe 30 Septemba na 4 Oktoba, siku moja kabla ya mkutano wa Conservative kuanza kule Manchester na siku yake ya mwisho. Soma masharti ya kurudishiwa fedha kwenye mkataba wa chumba, na safiri siku moja kabla.

Hatua ya 8: Baada ya mkutano

Una takriban siku 10 kabla watu hawajasahau. Siku ya kwanza, ujumbe wa shukrani na taarifa ya thamani ya ukarimu. Ndani ya wiki, muhtasari wa kurasa 2 kwa wote waliokuwepo, bila majina kama mlitumia Kanuni ya Chatham House. Muhtasari huo uwe na ombi lilelile moja ulilompa waziri, sasa likiwa na majibu ya madiwani chini yake.

Bunge likirudi katikati ya Oktoba, mbunge aliyekuwepo anaweza kupeleka swali la maandishi kwa wizara, mwandalie rasimu. Angalia kama kamati ya Sayansi, Ubunifu na Teknolojia, ambayo Chi Onwurah ndiye mwenyekiti wake tangu Septemba 2024, ina uchunguzi uliofunguliwa unaohusiana na swali lenu, na uwasilishe muhtasari kama ushahidi wa maandishi. Vivyo hivyo kwa maoni yanayokusanywa na Ofcom. Ushahidi wenye sauti za halmashauri 6 husomwa tofauti na barua ya kampuni moja.

Kisha, mwezi Novemba, wapigie simu wale madiwani. Usiwauzie chochote. Waulize ombi lililokuwa kwenye kamati limefikia wapi, na kama kuna swali jipya lililojitokeza tangu mlipokutana. Hilo swali jipya lipeleke kwenye fomu ya mwaka ujao, kwa sababu fomu hizo zitafunguliwa mapema kuliko unavyotarajia.